Kijumba cha Dirisha la Peremende

Mpendwa Bibi Ottilie,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni nikiwa nimefunga mlango ingawa nyumbani niko peke yangu, na naomba unisaidie upesi kwa sababu zimebaki siku kumi na mbili tu kabla ya Jumamosi ya kupanga putsi, yaani hori la Krismasi na kijiji chake cha vijumba, kwa mama mkwe wangu, na siku hiyo ikinikuta sijui la kufanya nadhani ndoa yangu, ambayo bado inanukia keki, itakuwa imekwisha.

Niruhusu nianze na yaliyo mazuri, maana nisipoyasema utadhani sikumpenda. Niliolewa Septemba na Harlan, dereva wa lori la maziwa, mwanamume mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo ukiiona hutaamini kwamba ndiyo inayoshika vijumba vya kadibodi visivyozidi kiganja bila kuvunja hata bomba la moshi. Tulikutana kwenye soko la Jumapili la vitu vya zamani, mimi nikitafuta vikombe, na sijui ni nini kilichonivuta kwenye meza ya vitu vya Krismasi mwezi wa Julai, lakini nilinyoosha mkono kwenye kanisa dogo la kadibodi lililotengenezwa Japani kabla ya vita, lenye madirisha mekundu na theluji ya chengachenga juu ya paa, na wakati uleule mkono mwingine ukalishika kutoka chini. Hakulivuta. Alisema taratibu tu, "Dada, ukilishika hapo mnara utabaki kwako na kanisa litabaki kwangu, na Mungu mwenyewe hatajua ahamie wapi." Nikacheka, nikaliachia, akalinunua, akanipa. Bibi Ottilie, mtu aliyekusanya vijumba tangu ujana wake akikupa kanisa, amebakiza nini cha kukupa? Siku ya harusi tuliliweka juu ya keki, na wifi yangu Fern, mke wa kaka yake Harlan, akasema ndiyo mara ya kwanza kumwona mchungaji akibariki kanisa lililosimama kwenye sukari.

Harlan ana vijumba sitini na vinne, na kila jioni ya mwezi wetu wa kwanza alinishusha chumba cha chini ya nyumba, akavitoa kimoja kimoja kwenye makasha ya tufaha, akanionyesha tundu la nyuma la kuingizia taa, akanionyesha miti iliyotengenezwa kwa dodoki na kupakwa kijani, akanifundisha kuvipulizia vumbi kwa pumzi tu, na akaniambia, tena zaidi ya mara moja, kwamba visiguswe na maji kamwe kwa sababu theluji yake imeshikwa na gundi ya zamani, na tone moja likiipata inaondoka kama chumvi. Nilimjibu nimesikia. Kusema kweli nilikuwa nazitazama kope zake, maana taa ya kijumba ikimwangaza kutoka chini kope za Harlan zinarefuka hadi shavuni, na mke wa wiki tatu ana masikio gani?

Sasa nifike kwenye ubaya wangu. Kuna kijumba kimoja ambacho si cha Harlan, ni cha mama yake, Mama Alverta, na hukaa kwake katika kisanduku cha kofia, ila Oktoba Harlan alikileta kwetu kukibadilishia waya wa taa. Nilikiona mara moja tu kabla hajakifunika. Kilikuwa kibaya kuliko vyote, paa la buluu limechakaa, theluji imekuwa rangi ya meno ya mvuta kiko, dirisha moja limezibwa kwa karatasi ya peremende iliyokunjamana, ya rangi ya asali, na nyuma yake kuna bonge la gundi kama uchafu. Harlan alisema, "Hiki ndicho kinachotangulia," akafunika. Sikuuliza kinatangulia nini, wala kwa nini kibaya ndicho kitangulie.

Wiki iliyofuata akatumwa kushika njia ya dereva mwingine kwa siku nne, mara ya kwanza kulala bila yeye tangu tuoane, na mimi kwa kumkumbuka nikasema nitamtengenezea jambo litakalomtoa machozi. Nilinunua chengachenga mpya za kumetameta, karatasi nyekundu ya dirisha, na rangi. Nikakipangusa kijumba kwa kitambaa chenye unyevu, theluji yote ikatoka, nikafurahi kuiona ikitoka. Nikalikwangua lile bonge kwa kisu cha siagi mpaka kadibodi ikawa safi. Karatasi ya peremende nikaibandua na kuitupa kwenye jiko la makaa. Nikapaka paa, nikatia theluji nyeupe kama unga, nikatia madirisha manne mapya yanayofanana, nikawasha taa, na nakuapia nilikaa mbele yake nikilia kwa furaha, nikijiona nimekwisha kuwa mmoja wao. Nikakirudisha kisandukuni. Waya alikwisha kuubadilisha, hivyo Harlan aliporudi alikichukua kisanduku bila kukifungua, akakipeleka kwa mama yake, nami nikawa nacheka moyoni, nikihesabu siku.

Alhamisi iliyopita tulikuwa kwa Mama Alverta kutengeneza biskuti za Krismasi, mimi, wifi Fern na yeye. Mama Alverta haoni, ni mwaka wa tano sasa macho yake yana ukungu mtupu, lakini husukuma donge la unga kwa kulisikiliza na viganja, na biskuti zake huwa nyembamba kama jani. Zangu alizishika moja akaipima, akasema, "Lorene mwanangu, hii ni ya kula au ya kumpigia mwizi?" Fern akasema mwacheni, bi harusi husukuma unga akiwa mbali, na mbali penyewe tunapajua. Tukacheka sote. Nilikuwa na raha, Bibi Ottilie, na sijui kama nitakuwa nayo tena jikoni mle.

Ndipo Mama Alverta akaniambia kwamba mwaka huu ni mimi. Katika nyumba yao bi harusi mpya ndiye anayekitoa kijumba cha kwanza kwenye kisanduku na kumwekea mkononi mkubwa wa nyumba, naye ndiye anayekisimamisha karibu na hori la Mtoto Yesu, na hakuna ng'ombe wala malaika wala mti unaowekwa kabla ya hapo. Fern alifanya hivyo miaka kumi na tisa iliyopita. Nikasema nimeheshimika. Halafu, kwa kuwa sikuwahi kuuliza, akanieleza mwenyewe.

Marehemu mumewe, Clayton, alifanya kazi kiwanda cha saruji, na vumbi lile lilimkaa kifuani, hivyo mfuko wake haukukosa peremende za kikohozi. Krismasi moja Harlan akiwa na miaka minne alipenyeza kidole dirishani mwa kijumba hicho, akitaka kujua nani anaishi mle, dirisha likapasuka, mtoto akalia asinyamazike. Clayton akatoa peremende mfukoni, akaitia mdomoni, akachukua ile karatasi, akakoroga unga na maji jikoni kwa mkewe, akaibandika kwa ndani akigandamiza kwa dole gumba hadi gundi ikakauka. Akamwambia mtoto kwamba wenye nyumba sasa wana taa ya dhahabu. Katikati ya Januari akafa.

Mama Alverta aliyasema hayo mikono yake ikiendelea na unga. Akasema, "Alama ya dole lake imebaki kwenye ile gundi. Kila mwaka nikishika kijumba natia langu pale, nalo linaenea. Macho yamekwenda, mwanangu, lakini pale bado namwona."

Biskuti za kwenye oveni ziliungua. Nilisema ni mimi niliyesahau, na hilo ndilo neno la kweli pekee nililolisema siku ile.

Kesho yake nilikwenda kwa Elwood, anayeuza vijumba sokoni, maana ni yeye pekee anayejua mambo haya na si ndugu. Alianza kucheka, halafu akaacha. Akasema kila kitu hutengenezeka. Akasema kadibodi ipakwe chai ya rangi iliyokolea na kuwekwa oveni nusu saa, theluji ipigwe moshi kidogo, gundi ikorogwe ya unga vilevile, na akafungua kopo akanipa karatasi ya zamani ya peremende ya kikohozi, ya rangi ileile. Nikamuuliza na dole? Akaonyesha lake. "Dole gumba ni dole gumba, bibie. Ajuza ana miaka themanini, atajuaje?" Karatasi hiyo iko katika mfuko wa aproni yangu ninapoandika. Nimeijaribu chai kwenye kipande kingine cha kadibodi, na Mungu anisamehe, inafanana.

Harlan hajui lolote. Anarudi saa kumi na moja jioni akiimba tangu nje, ananiwekea mikono yake ya baridi shingoni, na kila akinibusu najiona kama ninayeiba. Jana alisema mama yake amefurahi sana kwamba ni mimi. Alisema, "Nimemwambia una mikono ya kuaminika." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Siwezi kula, nikilala naliona lile jiko la makaa. Nifanye alivyosema Elwood, ili mama mzee asiumie na Harlan asijue nimeoza namna gani? Au niseme, nimpoteze mume wa miezi miwili? Au siku hiyo niugue, Fern ashike nafasi yangu, na lijalo lije? Nampenda mno, Bibi Ottilie. Nilifanya vyote kwa sababu nampenda. Tafadhali ukiichapa gazetini majina uyabadilishe.

Ni mimi,
Bi Harusi wa Miezi Miwili

*

Bi Harusi,

Majina nimeyabadilisha. Barua yako nimeitanguliza mbele ya za bwana anayelalamikia jogoo wa jirani na wanakwaya wawili wasiosalimiana, kwa kuwa wao wana mwaka mzima wa kugombana na wewe huna.

Nakuonea huruma, na nataka ulisikie hilo kabla sijakugombeza. Habari ya dole gumba hukuijua. Hakuna aliyekuambia, na mtu mwenye macho yake mazuri angeliona lile bonge akaliita uchafu kama wewe. Kwa hilo usijichape.

Lakini habari ya maji uliijua. Uliambiwa zaidi ya mara moja, umeandika mwenyewe, na ukachukua kitambaa chenye unyevu. Tena umeandika kwamba theluji ilipotoka ulifurahi. Binti yangu, hukuwa unamtengenezea mumeo kitu. Ulikuwa unatengeneza shukrani zake, ulikwisha kuzisikia masikioni kabla hujafungua kopo la rangi, na kijumba kilikuwa cha kuzipitishia tu. Na hakikuwa chako, wala chake. Unasema ulifanya vyote kwa sababu unampenda. Nakubali. Ungempenda kidogo zaidi ungemuuliza kwa nini kile kibaya ndicho kinachotangulia, naye angekueleza usiku kucha, na kope zake ungezitazama vilevile.

Sasa Elwood. Mrudishie karatasi yake leo, na usinywe hata kahawa kwenye meza yake. Umewaza itakuwaje mama mkwe akigundua. Mimi nakuuliza itakuwaje asipogundua. Atatia dole lake kwenye dole la mchuuzi wa sokoni, atatabasamu, atasema bado namwona, na katika chumba kile chote ni wewe peke yako utakayejua anamwona nani. Halafu mwakani tena. Na mwaka unaofuata, mpaka siku ya maziko yake, ambapo watu watakusifu kwa jinsi ulivyomtunza. Ulichokifanya mpaka leo ni ujinga, na ujinga una mwisho. Hicho kingine hakina.

Kuugua nako hakufai. Mafua huisha, na kisanduku kitafunguliwa hata ukiwa kitandani, tena mkononi mwa Fern, ambaye hana kosa.

Kwa hiyo fanya hivi. Harlan akirudi mwache ale kwanza, maana mtu mwenye njaa husikia vibaya. Kisha mwambie kwa maneno mafupi: nilikiosha, nilikwangua, karatasi niliichoma. Usianze na nilitaka kukufurahisha. Usianze na kilio pia, kwa sababu ukilia kwanza, kwa alivyo mpole, atakubembeleza wewe, na mtu aliyepoteza alama ya baba yake ataimaliza jioni hiyo akimfuta machozi aliyeipoteza. Lia baadaye, chumba kingine. Mweleze na habari ya Elwood na ile chai, yote, asije akaisikia sokoni.

Usiku huohuo au kesho yake muende kwa mama yake, si Jumamosi mbele ya ukoo mzima wenye vikombe mkononi. Kijumba umtolee wewe, umwekee mkononi kama kilivyo, kwa rangi yako na madirisha yako manne. Mpe nafasi akitafute anachokitafuta. Atakapokikosa ndipo useme, kwa sauti, maana hawezi kukuona ukiinamisha kichwa. Usimpe kanisa lako la harusi kama fidia. Usiseme utatengeneza tena. Mikono yako imetengeneza ya kutosha mwaka huu.

Baada ya hapo si wewe unayeamua. Akisema kijumba kiwekwe, kiwekwe. Akisema kisiwekwe, usiulize kama ni mwaka huu tu. Akisema Fern ndiye atakayetangulia Jumamosi, ufunge aproni umimine kahawa, na wageni wakiuliza mbona mwaka huu mambo yamebadilika, waachie wenye nyumba wajibu. Harlan anaweza kunyamaza hadi Pasaka. Nimeona wanaume wapole wakinyamaza, na ukimya wao ni mrefu kuliko wa wakali. Shuka naye chumba cha chini kama atakuita, asipokuita usishuke. Endelea kupika, kulala upande wako, na kuwapo. Siwezi kukuahidi kwamba wimbo utarudi mlangoni. Dole gumba la Clayton halitarudi, na wewe ndiye mtu wa mwisho kuliona, tena ukiwa na kisu mkononi. Hilo utakaa nalo, na afadhali ukae nalo mezani pamoja nao kuliko peke yako jikoni umefunga mlango.

La mwisho. Unasema waweza kumpoteza mume. Huenda. Lakini hukumwandikia mama yako mzazi, wala mchungaji ambaye angekutunzia siri. Umeliandikia gazeti linalotupwa kwenye kila baraza ya wilaya hii, ukaeleza kijumba, dirisha, kiwanda cha saruji na mama mkwe asiyeona. Majina nimeyabadilisha, lakini unadhani tunao wangapi? Mtu akifanya hivyo amekwisha amua kusema, anatafuta wa kumsukuma mgongoni.

Nakala hii nimekutumia kwa posta, utaipata Jumatatu. Gazeti linatoka Jumatano. Alhamisi ni Sikukuu ya Shukrani, na mtaketi nyote mbele ya bata mzinga mmoja. Harlan anarudi saa kumi na moja. Weka chakula mezani.

Bibi Ottilie